KIVOI WA KITUI NA MIZANI TATU ZA KUMJUA MTU



Ndugu yangu msomaji, kaka kwa dada, sifa zote njema ni za Allah (S.W.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake wote.

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo linalokula swaumu zetu kimya kimya. Njaa tunaiweza. Kiu pia tunaivumilia, hata jua la huku kwetu Ukambani likiwaka namna gani. Lakini moyo unaomfikiria mwenzako vibaya, nao umeufungisha?

Hebu piga picha. Uko kwenye stegi ya Makindu, saa saba za mchana. Unamwona ndugu mmoja ambaye mlisimama naye safu moja Ijumaa iliyopita. Ameketi ndani ya hoteli, sahani iko mbele yake na anakula bila wasiwasi. Kabla matatu yako haijajaa, umeshamhukumu: fulani hafungi. Ukifika Kibwezi umeshamwambia mtu wa pili. Jioni kwenye futari, habari ni ya msikiti mzima.

Lakini hukumuuliza. Hujui kwamba siku hizi anaendesha lori, ametoka Mombasa usiku na leo hii anaelekea mpakani Malaba. Ni msafiri, na dini imempa ruhusa akalipe baadaye. Ama hujui kwamba ana sukari na daktari amemkataza kufunga. Wewe uliona sahani tu, ukadai umesoma moyo.

Nani alikupa macho ya kuona ndani ya moyo wa mtu?

Ili tulielewe jambo hili vizuri, nitakusimulia maisha ya mtu mmoja wa hapa hapa kwetu. Ni mtu maarufu, aliyefariki zaidi ya miaka 150 iliyopita. Jina lake ni Kivoi Mwendwa, yule mfanyabiashara mkubwa wa Kitui. Najua utauliza: huyu hakuwa Mwislamu, anatafuta nini katika gazeti letu la Ramadhan? Subira, ndugu yangu. Hekima tunaiokota popote tunapoikuta. Na habari ya Kivoi ni habari ya watu waliosomana nyuso, wakakosea, na damu ikakaribia kumwagika juu ya damu.

KIVOI ALIKUWA NANI?

Rudi nyuma mpaka miaka ya 1840. Hakuna lami wala reli, na Nairobi bado haijazaliwa. Kutoka Kitui mpaka pwani ni majuma ya kutembea kwa miguu. Unavuka mto Athi, unapita Kikumbulyu, upande ambao leo ni Kibwezi katika Makueni, unaingia Tsavo, kisha nyika kavu ya Taru, ndipo unatokea Rabai na Mombasa. Njiani kuna simba, kuna kiu, na kuna wanyang'anyi.

Njia hii Wakamba waliijua kama kiganja cha mkono. Wazee wao walianza kwa kile wanachokiita kuthuua, yaani kutoka kwenda kutafuta chakula kwa majirani wakati wa njaa. Mtu anabeba alicho nacho, anarudi na nafaka. Kidogo kidogo ile safari ya njaa ikawa biashara. Pembe za ndovu zikawa ndiyo mali yenyewe. Misafara ya watu 200 hadi 300 iliingia bara kutafuta pembe na kuzishusha pwani, kisha ikapanda tena na nguo, shanga, nyaya za shaba na chumvi. Kabla misafara ya Waarabu na Waswahili haijazoea kupanda bara yenyewe, Wakamba ndio walioshika njia hii ya kutoka Mombasa.

Katika watu hao, Kivoi alikuwa mkubwa wa wakubwa. Jina lake lilijulikana kutoka Kitui mpaka Mombasa. Alisafiri kwa Wachaga huko Kilimanjaro, na alikuwa na biashara na watu wa upande wa pili wa mto Tana, kuelekea Embu. Alikuwa na mji wake na wafuasi wengi, na watu walimwogopa pia kwa sababu alisifika kuwa na dawa na nguvu za uganga. Hilo la uganga sisi hatulisifu, lakini tunalitaja ili ujue aliheshimiwa kiasi gani.

Jambo moja uliweke akilini mapema. Kivoi hakuandika hata mstari mmoja. Wazee wametusimulia yao, lakini yale yaliyoandikwa wakati ule juu yake yametoka karibu yote kwenye kalamu ya mtu mmoja, mgeni, mwenye lugha nyingine na dini nyingine. Kwa hiyo tunamwona Kivoi kupitia dirisha la mtu mwingine. Tutarudi hapo.

BIASHARA YA WATU USIOWAJUA

Sasa fikiria kazi ya Kivoi ilikuwa kazi gani. Wewe ukienda kununua simu, unapewa risiti. Ikiharibika, unajua duka liko wapi. Kivoi alikuwa anaingia kwenye kijiji cha watu wasiosema lugha yake, amebeba mali, ana watoto wa watu nyuma yake. Anamtazama mzee aliyesimama mbele yake na anajiuliza: huyu anacheka kwa sababu amenipenda, ama amependa mzigo wangu? Huyu kijana anayetuonyesha njia, anatupeleka kwenye maji ama anatupeleka kwenye mtego?

Mtu akikosea kusoma hapo, harudi nyumbani.

Utadhani basi wafanyabiashara hao walikuwa na macho ya ajabu. La. Walikuwa wajanja, ndiyo, lakini ujanja wao mkubwa ulikuwa kujua kwamba sura ya mtu haitoshi. Ndiyo maana katika biashara hizi za mbali watu walichanjiana undugu. Mkamba na mtu wa upande wa pili wa mto walifungana kwa kiapo, na baada ya hapo kila mmoja alikuwa na mwenyeji: mahali pa kulala, mtu wa kumtetea, mtu wa kumwekea mali. Yaani hawakusema tumesomana mioyo. Walisema mioyo hatuioni, basi tufunge ahadi, halafu kila mmoja aonekane kwa vitendo vyake.

Sisi Waislamu kile kiapo cha damu si chetu. Lakini akili iliyo nyuma yake tunaijua. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo ndani ya Suratul Baqara, inazungumzia nini? Deni! Inatuamrisha tukikopeshana kwa muda tuandike na tuweke mashahidi. Allah anayejua mioyo yote hakutuambia tumtazame mkopaji usoni tukisie. Alituambia tuandike. Sisi vijana tunafanya kinyume: pesa tunampa mtu kwa sababu ana ndevu nzuri, na mwingine tunamnyima kwa sababu ya mtindo wa nywele zake.

MGENI ANAFIKA KITUI

Mwaka 1844 alifika Mombasa Mjerumani mmoja, Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na kanisa la Uingereza kueneza Ukristo. Hakuficha alichokuja kufanya. Sultani wetu wa Unguja, Seyyid Said, alikuwa Mwislamu na alijua vizuri huyu ni mtu wa dini nyingine. Lakini alimpa barua kwa maliwali wake wa pwani, akiwaeleza kuwa ni mtu mwema anayetaka kuwaita watu kwa Mungu, na wamtendee wema. Hata Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin, alikaa naye na kumsaidia katika Kiswahili. Uone heshima ya wazee wetu! Hawakukubaliana naye kiitikadi, lakini hawakumzulia nia ambayo hawakuiona.

Mwezi Julai mwaka huo huo wa 1844 mkewe Krapf alifariki Mombasa baada ya kujifungua, na mtoto mchanga akafuata. Krapf hakuondoka. Baadaye akahamia Rabai na mwenzake Johannes Rebmann. Rabai ni mahali ambapo misafara ya Wakamba ilipita na Wakamba wengine walikuwa wameshaishi, basi habari za Kivoi zikamfikia.

Novemba 1849 akafunga safari. Akapita Kikumbulyu, akavuka Athi, na kabla mwezi haujaisha akawa mgeni wa Kivoi huko Kitui.

Hapa ndipo ninapotaka utulie, msomaji. Kivoi anamtazama mgeni huyu. Hana pembe wala hanunui watumwa. Hakuja kuoa. Anauliza majina ya milima na mito, na kila mara anaandika. Wewe ungemdhania nini? Mpelelezi? Mchawi? Mwenda wazimu? Watu wa Kitui walidhani kila aina ya mambo, na mtu hawezi kuwalaumu sana.

Kivoi alimkaribisha, akamlaza, akamlisha. Akamwambia kwamba yeye mwenyewe amefika kwa Wachaga na kuuona mlima wenye weupe juu yake. Akaongeza kwamba uko mlima mwingine wa namna hiyo, mbele ya Kitui, na mbingu zikiwa safi mtu anauona kutoka mahali pa juu. Lakini zilikuwa siku za mvua. Mawingu yalifunika kila kitu na Krapf hakuona chochote. Angeweza kabisa kusema: huyu mzee ananidanganya, anataka zawadi zangu. Siku ya kuondoka, tarehe 3 Desemba 1849, mbingu zikafunguka, na Krapf akauona kwa macho yake Mlima Kenya, una vilele viwili kama pembe, na weupe juu yake. Kivoi alikuwa amesema kweli.

MTU ANAYEHUKUMU KUTOKA KITINI

Ajabu ni kwamba kilichompata Kivoi karibu kumpata, kilimpata Krapf mwenyewe. Rebmann alikuwa ameiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848. Habari zilipofika London, bwana mmoja msomi wa jiografia aitwaye W. D. Cooley alizikataa kabisa. Theluji chini ya jua la ikweta? Akasema hawa wameona mambo ya kufikirika. Cooley mwenyewe hakuwahi kukanyaga huku. Miaka ikapita, wasafiri wengine wakaja. Mwaka 1883 Joseph Thomson akaufikia Mlima Kenya karibu na kuona kuwa ndivyo ulivyo.

Cooley hakuwa mjinga. Alikuwa amesoma sana. Tatizo lake ni lile letu: alianza na anachokijua yeye, akakifanya kipimo cha ukweli wa wengine. Ikiwa mimi sijawahi kuona, basi wewe umezua. Hiyo ndiyo dhana, ndugu yangu. Na elimu pekee haiiponyi.

SAFARI YA MWISHO

Krapf na Kivoi walikuwa wamekubaliana kwamba Krapf akirudi, wataenda pamoja mpaka mto Tana. Sasa jiulize, Kivoi alitaka nini? Wengine watasema alitaka sifa ya kuwa na Mzungu nyumbani. Wengine watasema alitaka bunduki ya mgeni iulinde msafara wake. Wengine watasema alitafuta faida ya pembe. Na kwa nini isiwe alimpenda tu mgeni wake? Pengine yote yalikuwemo kwa pamoja. Mtu hana nia moja kama vile kisu kina makali upande mmoja. Hata wewe ukienda tarawehe, unamwendea Allah, na kidogo unataka baba akuone, na kidogo marafiki wako watakuwa hapo nje. Tunajitahidi kuisafisha nia kwa sababu tunajua inachanganyika. Basi kama nia yako mwenyewe huijui vizuri, ya Kivoi utaijuaje?

Tuonavyo ni vitendo. Na kitendo ni hiki: karibu miaka miwili ilipita, na Kivoi hakuvunja ahadi.

Julai 1851 Krapf alitoka tena Rabai. Njiani msafara wake ulishambuliwa na wanyang'anyi. Alikusudia kufungua kituo huko Yatta, lakini wapagazi wake walimwacha wakarudi kwao. Akaendelea mpaka kwa Kivoi, na mwezi wa Agosti wakaondoka pamoja kuelekea Tana.

Hawakufika wote. Mwishoni mwa Agosti, mto ukiwa umekaribia, kundi kubwa la wanyang'anyi liliwatokea. Mishale ikaanza. Watu wakatawanyika porini. Krapf alikuwa na bunduki na akafyatua, lakini alifyatua hewani, kwa sababu moyo wake ulikataa kumwaga damu ya mtu. Kivoi akauawa pale, na baadhi ya watu wake pamoja naye. Mzee aliyesafiri nchi hizi zote akaanguka kwenye vichaka, karibu na maji aliyokuwa anampeleka mgeni wake ayaone.

Krapf alikimbia peke yake. Kiu ilimshika mpaka akautafuta ule mto na kunywa. Hakuwa na kibuyu, basi akajaza maji ndani ya mfuko wa ngozi wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki, akaziba kwa majani na kitambaa. Mchana alijificha, usiku alitembea. Hivyo ndivyo alivyorudi upande wa kwao Kivoi.

NANI ALIMWUA KIVOI?

Sasa jiweke kwenye nafasi ya jamaa za Kivoi. Fanya hivyo kwa haki, usiwacheke.

Baba yenu ametoka nyumbani akiwa mzima, pamoja na mgeni. Siku chache baadaye baba amekufa na mgeni yuko hai. Mgeni alikuwa na bunduki, na hao waliomuua baba walikuwa na mishale. Adui hata mmoja hakuanguka kwa risasi yake. Mgeni huyu haeleweki tangu alipokuja, hana biashara, anaandika andika. Wewe ungesemaje?

Wao walisema yeye ndiye sababu. Wakamlaumu, mali zake zikachukuliwa, na wakataka auawe. Akatoroka usiku, akateseka njiani, mwishowe akafika Yatta, na kutoka hapo akarudi Rabai akiwa hai.

Angalia vizuri, msomaji. Walichokiona jamaa za Kivoi kilikuwa kweli kabisa. Ni kweli alikuwa na bunduki. Ni kweli hakupiga mtu. Ni kweli alipona. Macho yao hayakuwadanganya hata kidogo! Kosa lilikuja walipovuka kutoka kwenye kitendo kuingia kwenye nia. Walisoma risasi iliyopigwa hewani kama usaliti. Kwa mpigaji ilikuwa ni dhamiri. Kitendo ni kimoja, maana zake ziko mbali kama mbingu na ardhi.

Hapa unikumbuke Usama bin Zayd (R.A.). Katika vita alimfikia adui, na yule mtu akatamka La ilaha illallah. Usama akamuua, akidhani ametamka kwa kuogopa upanga. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.), alimuuliza Usama kama aliupasua moyo wa yule mtu ili ajue amesema kwa nia gani. Akalirudia swali hilo la kumlaumu mpaka Usama akatamani angekuwa amesilimu siku ile tu. Usama alikuwa kipenzi cha Mtume, na hoja yake ilikuwa na nguvu. Mtu aliye chini ya upanga husema lolote. Lakini hakukubaliwa. Moyo wa mtu si uwanja wetu.

Na sasa mtihani wako wewe. Unawaonaje jamaa za Kivoi? Wakatili? Washenzi? Subiri! Nilikwambia nini mwanzoni? Habari hii tumeipata kwa Krapf, mtu mwenye hofu, njaa na kiu, anayekimbia usiku. Hakuna jamaa wa Kivoi aliyeketi naye akaandika uchungu wake. Je, walikuwa na kikao cha wazee kilichokataa kumuua? Je, kuna aliyemwachia mlango wazi makusudi usiku ule? Hatujui. Basi ukiwahukumu, na wewe umefanya lile lile walilolifanya wao.

MIZANI TATU

Sitaki uondoke ukidhani dini inatuambia tuwe wajinga, kila anayetabasamu tumpe ufunguo wa nyumba. Hapana. Muumini ana firasa, ana akili, anajihadhari. Suali ni hili: mtu anajulikana kwa nini?

Imepokewa kuwa Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) aliletewa mtu wa kutoa ushahidi. Umar akasema hamjui, aletwe anayemjua. Mtu mmoja akajitokeza kumsifu. Umar akamuuliza mambo matatu: je, ni jirani yako, unayemjua usiku na mchana wake? Je, umewahi kufanya naye mambo ya pesa? Je, umewahi kusafiri naye? Yule bwana akajibu la, kwa yote matatu. Umar akamwambia basi wewe humjui.

Ujirani, pesa, safari. Hizi ndizo mizani tatu. Hakuna hata moja inayopimwa kwa dakika tano, na hakuna inayopimwa kwa umbali. Zote zinakutaka ukae na mtu mpaka siku ile amechoka, amekasirika, ana njaa, ama amepata faida ambayo hukuitegemea. Hapo ndipo tabia hutoka.

Mpime Krapf kwa mizani hizo. Jamaa za Kivoi walikaa naye muda mfupi mwaka 1849 na muda mfupi mwaka 1851. Biashara ya maana hawakufanya. Safari ni ile moja, na wengi wao hawakuwemo. Kwa mizani ya Umar hawakuwa wanamjua, si kwa kumsifu, si kwa kumhukumu. Kivoi ndiye aliyeanza kumjua, kwa sababu alimweka nyumbani na akatoka naye njiani. Na yeye ndiye aliyekuwa amekufa.

TUJIPIME SISI

Turudi kwenye msikiti wetu. Kuna kijana alikuwa anakuja tarawehe kila siku, sasa juma zima hajaonekana. Tumeshasema imani imeshuka, amerudi kwenye miraa. Kwani kuna aliyekwenda kwao? Pengine visima vimekauka, anasukuma mkokoteni wa mitungi mpaka usiku ili mama yake apate maji ya kupikia daku. Kuna dada amekaa kimya, haitikii salamu kwa furaha. Tumeshasema anaringa. Pengine ana msiba ambao hajamwambia mtu. Kuna ndugu amesilimu juzi kutoka familia ya Kikristo. Tunanong'ona amefuata mke, amefuata misaada. Ndugu yangu, umepasua moyo wake?

Na liko kubwa zaidi. Mtu mmoja sokoni akipiga kelele za mwizi, mwizi, mawe yanaokotwa kabla ya swali la kwanza kuulizwa. Wangapi wamekufa hivyo, na baadaye ikaonekana alikuwa anakimbilia matatu tu? Katika Suratul Hujurat Allah ametuamuru habari ikituletea mtu asiyeaminika tuichunguze, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukabaki tunajuta. Na katika sura hiyo hiyo akatukataza dhana nyingi, kupekuana na kusengenyana. Ziangalie zinavyofuatana! Unaanza kwa kudhania. Dhana inakuwasha, unaanza kupekua. Ukipata kidogo, unakwenda kusengenya. Aliyeziba mlango wa kwanza ameokoka na miwili inayofuata.

Basi katika siku hizi zilizobaki tufanye mambo matatu mepesi. Kwanza, ukiona kitendo, kitaje kama kitendo tu. Sema nimemwona akila, usiseme hafungi. Hata hiyo ya kwanza, kama hakuna haja, inyamazie. Pili, mtafutie mwenzako udhuru kabla ya kumtafutia kosa, na ukishindwa kabisa, muulize yeye mwenyewe kwa upole, faraghani. Tatu, kwa mambo makubwa ya pesa, ndoa na uongozi, usitegemee sura wala maneno. Tumia mizani ya jirani, pesa na safari, na uandike mnalokubaliana.

Krapf aliondoka Afrika Mashariki mwaka 1853, akafariki kwao Ujerumani mwaka 1881. Kivoi alibaki kwenye ardhi ya Ukambani, karibu na Tana. Ukipita Kitui asubuhi moja mbingu zikiwa safi, tazama upande wa kaskazini magharibi. Ukiona ule weupe mbali kule, mkumbuke mzee aliyesema kweli huku mawingu yamefunika, na ujiulize ni ndugu yako yupi leo anasema kweli na wewe unaona mawingu tu.

Ewe Mola wetu, zitakase nyoyo zetu na dhana mbaya, zitakase ndimi zetu na kusengenya, na utukubalie swaumu zetu na visimamo vyetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.